Mlango Ukifungwa na Kubaki Umefungwa

Aya inayopendwa kuliko zote na Wakristo wa Mombasa, ukiniuliza mimi, ni Yeremia 29:11. Utaikuta nyuma ya matatu za Bamburi, kwenye kadi za mahafali, kwenye fulana za kambi ya vijana na kwenye kalenda za makanisa kuanzia Kisauni hadi Mikindani: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Siku niliyoachishwa kazi, simu yangu ilijaa aya hiyo kabla ya magharibi. Walionitumia wananipenda na sina neno nao. Ila ghafla nilikuwa na muda mwingi, na mtu mwenye muda husoma sura nzima.

Sura nzima ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliokwisha kuchukuliwa mateka mpaka Babeli. Ukirudi nyuma sura moja, unakutana na nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, anawatangazia kwamba ndani ya miaka miwili tu kila kitu kitarudi: vyombo vya hekalu, mfalme, mateka wote. Anamvua Yeremia ile nira ya mti aliyoivaa shingoni, anaivunja mbele ya umati. Naona kabisa watu wakipiga makofi. Ningekuwepo, pengine na mimi ningepiga, maana nani hataki kusikia miaka miwili?

Barua ya Yeremia inasema vingine: miaka 70. Jengeni nyumba mkae ndani yake, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozesheni watoto wenu, uombeeni mji huo uliowateka. Halafu ndipo inakuja aya yetu ya kwenye fulana. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu wa miaka 30 aliyeisikia barua ile ikisomwa kando ya mito ya Babeli hakurudi kwao. Aliahidiwa tumaini, na tumaini lenyewe lilikuwa la wajukuu. Yeye fungu lake lilikuwa kupanda mboga kwenye nchi ya adui na kuwaombea majirani.

Hiyo ndiyo aya tunayompa kijana aliyemaliza chuo ili imhakikishie kazi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Niliandaa hati za kontena, nilifuatilia ushuru ulipwe, nilihakikisha lori linatoka getini kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kupanda. Mambo yangu nilikuwa nimeyapanga vizuri, nisikudanganye: ploti Mtwapa, msingi wa nyumba, mtoto wa kwanza sekondari ya bweni, halafu siku moja ofisi yangu mwenyewe yenye jina langu mlangoni. Niliombea kila kipengele. Nilitoa zaka. Kufikia 2019 mizigo mingi ya kwenda bara ilikuwa ikipandishwa reli kwa amri ya serikali moja kwa moja hadi Nairobi na kushughulikiwa huko, na kazi ya aina yetu Mombasa ikakauka. Si sisi wa ofisini tu. Madereva wa malori, yadi za kontena za Jomvu na Miritini, mafundi wa tairi, mama wa chapati na maharagwe pale Changamwe waliokuwa wakilisha turnboi alfajiri, wote walibaki wanatazamana. Mwaka 2022 amri ikabadilishwa na mizigo ikaruhusiwa kushughulikiwa Mombasa tena. Kufikia hapo ofisi ya mwajiri wangu ilikuwa duka la vitanda na magodoro.

Siku hizi nina duka dogo la fotokopi na kujazia watu fomu za serikali mtandaoni. Mapato ni pungufu. Ploti niliuza. Mtoto anasoma shule ya kutwa.

Naeleza haya kwa sababu kanisani kwetu kuna kipindi cha ushuhuda, na ushuhuda una umbo lake. Unaanza na mlango uliofungwa, unapita katikati ya machozi na mfungo, unaishia kwenye mlango mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ndugu alifukuzwa kazi, leo ana kampuni. Dada aliachwa na mchumba, leo ameolewa na daktari. Haleluya. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema sana, aliniuliza kwa upole nje ya lango baada ya ibada, "Ndugu yangu, lini utatupa ushuhuda?" Nikamwambia nipo, duka linaenda, watoto wanakula, imani ninayo. Akanipigapiga bega, akasema, "Basi tungoje kidogo. Bwana bado hajamaliza." Yaani niliyonayo hayahesabiki bado. Lazima kuwe na mwisho mnono ndipo Mungu aonekane alikuwa na mpango.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu. Tunasema tunaamini mpango wa Mungu kuliko wetu, lakini ukisikiliza vizuri, tunachoamini ni mpango wetu uleule, umecheleweshwa kidogo na kuongezewa chumvi.

Nikipata nafasi Jumapili mchana napenda kuvuka daraja la Nyali niende upande ule unaotazamana na Mji wa Kale, palipo na kaburi la Rosine Krapf na ukumbusho wa kufika kwa mumewe. Wengi wanapita karibu kila siku na hawajui. Kisa cha watu hawa kimenifundisha jambo hili kuliko mahubiri mengi, kwa hiyo nivumilie nikieleze kwa kirefu.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa 1810, hakupanga kuja Mombasa. Chama cha misioni cha CMS kilimtuma Uhabeshi, na huko moyo wake ukashikwa na Waoromo, ambao enzi zile waliitwa Wagalla. Aliamini kwamba wakipokea Injili hao, eneo zima la mashariki ya Afrika litafuata. Alikaa Shoa, huko huko Uhabeshi, tangu 1839, akajifunza lugha, akaanza kutafsiri. Mwaka 1842 akatoka kwenda Misri kumwoa mchumba wake Rosine, na alipotaka kurudi, njia ikafungwa. Akajaribu huku na huku, haikufunguka. Mtoto wao wa kwanza walimzika safarini pande hizo. Ndipo akapata wazo: kama kaskazini kumefungwa, ataingia kwa Waoromo kutoka kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Mombasa kwake ilikuwa njia tu ya kupitia.

Walifika Unguja mwanzoni mwa 1844. Sultani Seyyid Said, Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, kwamba huyu ni mtu mwema atakaye kuwaongoza watu kwa Mungu, mtendeeni wema. Mwezi wa tano wakahamia Mombasa. Mwezi wa saba Rosine akajifungua mtoto wa kike, homa ikampata, na tarehe 13 Julai akafariki. Mumewe mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo. Baada ya siku chache mtoto naye akamfuata mama yake. Walizikwa ng'ambo, bara, na Krapf akawaandikia wakuu wake London kwamba sasa mnalo kaburi la mmisionari katika pwani hii, na liwe alama kwenu kwamba mapambano yameanza.

Nilipoisoma habari ya barua ile mara ya kwanza niliona ni ujasiri. Siku hizi naona pia mtu aliyebaki peke yake, anayetafuta la kuandika.

Basi tumfuate. Je, mlango mkubwa ulifunguka? Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, wakapanda Rabai wakajenga kituo. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akikaribia kufa, kwa hiyo hata mshirika wa kwanza hakukaa. Krapf alikuwa na ndoto nyingine kubwa: mfululizo wa vituo vya misioni kuikata Afrika kutoka Mombasa hadi pwani ya magharibi. Kilichojengwa ni kituo cha Rabai. Alikwenda Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui akaona theluji ya Mlima Kenya. Vitabu vya shule vinamkumbuka kwa hilo, jambo ambalo hakulifuata, na ambalo Wakamba waliomwonyesha walikuwa wameliona tangu mababu. Wataalamu wa Ulaya wakamcheka, eti theluji kwenye ikweta! Mwaka 1851 akarudi Ukambani kutaka kuanzisha kituo. Msafara wa mwenyeji wake, Kivoi, ukashambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akatoroka porini bila maji, nusura afe kwa kiu. Mwaka 1853 afya ikamshinda, akarudi kwao. Kazi kwa Waoromo, ile iliyomleta, hakuifanya kutoka huku kamwe.

Kitu alichofanya pembeni, akingoja mlango wa Waoromo ufunguke, kilikuwa Kiswahili. Muda mfupi tu kabla ya mazishi ya Nyali alikuwa amekaa na kadhi wa mji wakaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Hakuishika mkononi.

Rebmann ndiye ninayempenda zaidi, kwa sababu hana hata mlima wa kujivunia. Naam, Mei 1848 aliuona Kilimanjaro, lakini ni wangapi wanaokumbuka jina lake? Alikaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja. Mkewe pia alifia huku. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Alikuwa karibu kuwa kipofu kabisa alipoondoka 1875, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, na mwaka uliofuata akafariki. Mweke huyu mzee kwenye kipindi chetu cha ushuhuda, mpe maikrofoni. Atasema nini?

Najua jibu litakalokuja. Ndugu, lakini tazama leo! Makanisa yamejaa, Biblia iko kwa Kiswahili, hata wewe unaandika makala yako kwa lugha waliyoitumikia. Kwa hiyo kaburi la Nyali lilikuwa mpango wa Mungu. Jibu hili lina ukweli ndani yake, lakini linanitisha kwa jinsi linavyotoka haraka. Linahesabu mama na kichanga kama gharama ya mradi, halafu linapiga mstari chini na kuandika faida.

Hapo Nyali kuna kitu kingine cha kutazama. Ukitoka kwenye kaburi urudi barabara kuu, utafika mahali kondakta anapoita "Kengeleni!" Kengele hiyo ni ya Frere Town, makazi ya CMS yaliyoanzishwa miaka ya 1874 na 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuja wengine waliopitia India, watu waliouzwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na kusomeshwa Nasik: William Jones, Ishmael Semler, George David. Hao ndio waliolibeba kanisa la pwani. Jones na Semler waliwekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885, na Hannington alipouawa Busoga, Uganda ya leo, mwishoni mwa mwaka huohuo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara hadi Rabai, mwendo wa miezi. Kanisa kuu la Mombasa pale mjini, lile lenye kuba linalowafanya wageni wadhani ni msikiti, lilijengwa kwa kumbukumbu ya Hannington na wenzake. Msikilizaji wa haraka anaweza kusema: unaona, hata utumwa Mungu aliupanga ili kanisa lizaliwe Kisauni.

Mimi siwezi kusema hivyo, na sidhani Maandiko yananiruhusu. Watu hukimbilia maneno ya Yusufu: "Nanyi kweli mlinikusudia mabaya, bali Mungu aliyakusudia kuwa mema." Lakini angalia ni nani anayesema. Aliyeyasema ni yule aliyetupwa shimoni akauzwa, na aliyasema baada ya kulia, akiwa tayari anawalisha waliomuuza. Ndugu zake hawakuyasema. Wangemfuata gerezani Misri wakamwambia kupitia dirishani, "Usijali Yusufu, huu ni mpango wa Mungu," ungekuwa ukatili, hata kama kwa namna fulani lilikuwa kweli. Na Yusufu mwenyewe haufuti ule uovu: mlinikusudia mabaya, anawaambia usoni. William Jones akisema Mungu alimfuata mpaka ndani ya jahazi, nitavua kofia nimsikilize. Mwenye jahazi akisema hivyo, na aletwe mahakamani.

Hili linatuhusu sana sisi wa siku hizi. Barabara mbovu ikiua abiria, dawa zikikosekana zahanati, kiwanda kikifungwa kwa wizi wa wakubwa, matangani atasimama mtu aseme ni mpango wa Mungu, tusimuulize maswali. Kontena za Mombasa hazikupandishwa reli na malaika. Ni watu walikaa mezani wakaamua, na watu wengine wakaandamana, na baadaye watu wengine wakaamua vinginevyo. Kuniambia kwamba Mungu ndiye aliyefanya hivyo ili anipandishe daraja ni kuwasamehe watu ambao hawajaomba msamaha na kumbebesha Mungu mzigo usio wake. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi: kwamba uamuzi wao haukumtoa Yeye kazini. Hicho ndicho ninachokiamini, na kinanitosha kuamka asubuhi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la wale wanaosema basi tusipange. Kijana mmoja pale mtaani hajapeleka maombi ya kazi kwa muda mrefu kwa sababu, asema, anangoja mapenzi ya Mungu yajifunue. Mama yake anauza mahamri ili wale wakati mapenzi yanajifunua. Soma Matendo 16. Paulo anataka kwenda Asia, Roho anamkataza. Anajaribu Bithinia, anakatazwa tena. Hakulala Frigia akingoja ndoto. Aliendelea kutembea mpaka Troa, ufukweni, na ndoto ya mtu wa Makedonia ikamkuta huko. Na walipofika Filipi kwa mwongozo ulio wazi kabisa, walichapwa viboko wakafungwa miguu kwenye mkatale. Njia sahihi, na bado jela. Yuleyule Paulo aliwaandikia Warumi kwamba akipita kwao ataendelea hadi Spania. Roma alifika, akiwa mfungwa chini ya ulinzi wa askari. Kuhusu Spania Matendo hayasemi kitu, na sijaona mahali anapolalamika kwamba Mungu alimwahidi.

Halafu kuna Daudi na Nathani, habari ambayo ningependa isomwe katika kila kesha la tarehe 31 Desemba, pale mchungaji anapotangaza jina la mwaka mpya. Daudi anamwambia nabii anataka kumjengea Bwana nyumba. Ni wazo jema, la kidini kabisa, na Nathani anajibu papo hapo: fanya yote yaliyomo moyoni mwako, maana Bwana yu pamoja nawe. Usiku uleule Bwana anamwamsha Nathani: rudi ukamwambie hapana. Hebu fikiri kutembea kwa nabii asubuhi ile kurudi ikulu! Nabii wa kweli, tena mwenye heshima, alikosea kwa sababu alidhani kila wazo zuri la mtu wa Mungu ni la Mungu. Lakini alirudi akasema. Sisi tuliambiwa kwamba 2020 ni Mwaka wa Kuvuka. Mwaka huo hatukuvuka hata Likoni bila barakoa, na sikumsikia mtu akirudi madhabahuni kusahihisha.

Ninachokipenda zaidi ni kile Sulemani anachosimulia baadaye, katika 1 Wafalme 8. Anasema Bwana alimwambia baba yake Daudi kwamba alifanya vema kuwa na nia ile moyoni, ingawa si yeye atakayejenga. Alifanya vema. Mpango ulikataliwa na nia ikapokelewa. Miaka yangu ya kuombea ofisi yenye jina langu mlangoni, kumbe si lazima niione kama upumbavu wala kama deni ambalo Mungu hajalipa. Na Daudi hakununa. Kitabu cha Mambo ya Nyakati kinaeleza alivyokaa akikusanya dhahabu, chuma, mierezi na mafundi kwa ajili ya jengo ambalo mwingine atalizindua. Krapf kuandaa kamusi ambayo hataishika, Rebmann kukaa Rabai macho yakififia, ni ukoo mmoja na huo.

Jirani yangu, bibi wa Kiislamu ambaye ameishi mtaa huu kabla mimi sijazaliwa, hanisikii nikisema "kesho nitafungua mapema" bila kunikatiza, "Sema inshallah, mwanangu." Ninasema. Yakobo, yule wa waraka wa Agano Jipya, angefurahi: "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Tazama kwamba Yakobo hawakatazi wale wafanyabiashara kuingia mji fulani na kukaa mwaka mzima. Anawakataza kuongea kana kwamba mwaka ni mali yao. Wakristo wa Mombasa tumeishi karibu na watu wanaosema hivyo kila sentensi, na bado sisi ndio tunaomwandikia Mungu mpango wa mwaka wenye tarehe, halafu tunamkabidhi atie sahihi.

Mtu ataniuliza basi tunaomba nini. Tunaomba tunachokitaka. Bwana mwenyewe Gethsemane hakuanza na "yako yatendeke." Alianza kwa kuomba kikombe kiondolewe, wazi, kwa jasho, na kwa kadiri ya Mathayo alirudi kuomba tena na tena. "Walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" ilikuja juu ya ombi lililokwisha kusemwa. Sisi tumejifunza kuruka nusu ya kwanza ili tuonekane tumekomaa. Mama aliyempoteza mwanawe anaambiwa aseme "mapenzi ya Bwana yatimizwe" kabla hata jeneza halijatoka mochari. Mwacheni aseme kwanza alichokitaka. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo na hakuna aliyezitoa kwenye Biblia.

Na kikombe hakikuondolewa. Kila nikisikia kwamba imani ya kutosha hufungua mlango wowote, najiuliza huyo msemaji anamweka wapi Yesu wa usiku ule.

Mzee wa kanisa aliniuliza tena juzi kuhusu ushuhuda. Safari hii nimekubali, nitasimama Jumapili ya mwisho wa mwezi, Bwana akipenda. Nitasema nilikuwa na mpango, nikauombea, haukufaulu, na uliokuja badala yake ni mdogo kuliko ule. Kwamba wakati wa shida kuna mtu aliniletea unga bila kutaja aya yoyote. Kwamba sijui kwa nini yalinipata, na sidhani nitaambiwa. Na kwamba Mungu niliyekuwa nikimwomba nikiwa na mshahara ndiye huyuhuyu ninayemwomba sasa. Nadhani makofi yatakuwa machache. Kwaya itaokoa.

Wiki hii pia nimepeleka barua ya maombi kwenye kampuni moja ya mizigo inayotafuta mtu mwenye uzoefu. Kazi ileile niliyoipoteza, mshahara hausemwi lakini lazima unazidi fotokopi. Nimeiombea waziwazi, kwa jina la kampuni, jinsi nilivyokuwa nikiomba zamani. Mke wangu akaniuliza, ukiikosa je? Nikamwambia duka litafunguliwa saa mbili kama kawaida, na kuna mama wa Jomvu anakuja kujaziwa fomu ya mwanawe ya mkopo wa chuo.